Fildi ya Maana Zanzibar: Kutoka Barua ya Maombi Hadi Ajira

Kila mwaka muhula wa pili ukikaribia kumalizika, masjala za ofisi za Unguja hujaa barua za wanafunzi zinazofanana neno kwa neno: "Naomba nafasi ya kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako." Hazisemi mwombaji anajua kufanya nini wala anataka kitengo gani. Nyingi hulala ndani ya faili mpaka fildi, yaani mafunzo hayo, inaanza, na mwenyewe huishia kupokelewa popote palipobaki, akapewa kazi ya kutoa fotokopi hadi siku ya mwisho. Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), Chuo Kikuu cha Zanzibar (ZU) pale Tunguu, Sumait ya Chukwani, Chuo cha Utawala wa Umma IPA, Taasisi ya Karume na wengineo, Unguja na Pemba, pamoja na Wazanzibari wanaosoma Bara na kutaka kufanya fildi nyumbani.

Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Kwa vyuo vingi fildi huangukia likizo ndefu, baina ya Julai na Septemba, na mara nyingi huwa ya wiki 8 hivi. Shika siku ya kwanza ya fildi kisha urudi nyuma. Miezi minne kabla, uwe umeshajua ofisi tatu unazozitaka na umeshaulizia kila moja inapokea vipi wanafunzi. Miezi mitatu kabla, barua iwe imeshaingia masjala. Mwezi mmoja kabla, uwe na jibu la maandishi mkononi.

Miezi mitatu inaonekana mingi kwa asiyejua safari ya barua. Ikifika masjala inaandikwa kwenye daftari, inapewa namba na kuwekwa kwenye faili. Faili linapanda kwa mkuu wa taasisi, naye anaandika maelekezo. Likishuka linakwenda kwa anayeshughulikia utumishi, ambaye anauliza kitengo husika kama kina nafasi, meza, na mtu wa kukusimamia. Kitengo kikikubali faili linapanda tena, ndipo jibu linaandikwa na kusainiwa. Mmoja wa hao akiwa safarini, faili linamngoja.

Zingatia pia kwamba mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Juni yote ni mwezi wa kufunga hesabu, na idara za uhasibu, ununuzi na mipango hazina muda wa kujadili mwanafunzi. Ramadhani nayo hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia inaangukia wapi kabla hujapanga siku za kufuatilia. Kazi haisimami, lakini saa za ofisi hupungua, na wiki ya Idi hutoki na jibu lolote.

Hoteli zina kalenda yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni hupungua na baadhi ya hoteli hufunga kwa matengenezo. Ndio wakati meneja anapopanga wafanyakazi wa msimu unaoanza Juni, hivyo barua yako imfikie Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ukingoja Julai utamkuta amejaa wageni na hana nafasi hata ya kukusikiliza.

Chagua kitengo, usichague jina la ofisi

Wengi hukimbilia taasisi zilezile: Mamlaka ya Mapato ZRA, benki ya PBZ, mfuko wa hifadhi ya jamii ZSSF, Shirika la Bandari. Ni sehemu nzuri, lakini ndizo zinazopokea maombi mengi kuliko zote, na ukipata nafasi unaweza kujikuta mmoja wa wanafunzi wengi waliobanana chumba kimoja. Kabla ya kuandika, jiulize ni kazi gani unataka uwe umeifanya kwa mikono yako fildi ikimalizika. Jibu hilo ndilo litakalokuonesha ofisi.

Mwanafunzi wa uhasibu anayetaka kujua kuoanisha hesabu za benki na daftari la fedha anaweza kuifanya kazi hiyo kila wiki kwenye hoteli ya wastani, kampuni ya ukaguzi au SACCOS, wakati katika taasisi kubwa angeiangalia kwa mbali tu. Wa takwimu aombe Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, lakini pia asisahau vitengo vya ufuatiliaji na tathmini vya wizara, ambavyo vina takwimu nyingi na watu wachache wa kuzichambua. Wa kompyuta, mbali na Serikali Mtandao yaani eGAZ, afikirie hospitali, skuli kubwa na mashirika yenye mtandao wa ndani unaohitaji kutunzwa kila siku. Wa sayansi ya bahari ana Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Buyu, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ZAFIRI kwa utafiti wa uvuvi. Wa kilimo ana taasisi ya utafiti ya Kizimbani, na Pemba kuna shirika la biashara la Serikali ZSTC na kiwanda chake cha mafuta ya karafuu cha Wawi. Kwa wa afya, Pemba hiyohiyo kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, nayo ipo Wawi, yenye rekodi ndefu ya utafiti wa maradhi kama kichocho. Wa historia, usanifu majengo au utalii wa urithi aitazame Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwani mji huo umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na kila jengo linalotengenezwa lina mambo ya kukaguliwa.

Utalii unastahili neno la ziada. Usiandike "naomba fildi hotelini." Hoteli ina mapokezi, usafi wa vyumba, jiko, mgahawa, stoo, ununuzi, uhasibu, uwekaji wa nafasi za wageni na rasilimali watu. Wanafunzi wengi wa shahada huliona dawati la mapokezi tu. Stoo na ununuzi ndiko unakojua hoteli inanunua nini kwa nani, samaki na mboga zinatoka wapi na fedha zinavuja wapi, na anayetaka kuwa meneja siku moja apite huko. Uliza mapema pia kama kuna gari ya wafanyakazi. Hoteli za Nungwi, Matemwe, Kiwengwa, Paje na Jambiani zina zamu za alfajiri na za usiku, saa ambazo daladala ni za kubahatisha.

Wapemba wanaosoma Unguja, msidhani fildi lazima ifanyike mjini. Ofisi za Pemba hupokea wanafunzi wachache zaidi, watumishi wake wachache hufanya kazi nyingi tofauti, na mwanafunzi hugusa mengi ndani ya muda mfupi. Ukiwa kwenu hulipi kodi ya chumba wala dakhalia. Jambo la kuhakikisha kwanza ni kama chuo kitatuma mwalimu kuja kukukagua huko au kitakubali kukagua kwa simu. Liulize kwa mratibu wa fildi kabla hujapeleka barua, kwa sababu alama zako zinategemea ukaguzi huo.

Barua inayosomwa

Kosa la kwanza ni anwani. Wizarani barua huelekezwa kwa Katibu Mkuu, hata kama unayemjua ni ofisa wa chini. Kwenye mamlaka na mashirika huelekezwa kwa Mkurugenzi Mkuu au Mkurugenzi Mtendaji, na cheo hicho ukithibitishe masjala kabla ya kuchapa. Pemba, wizara huwakilishwa na Afisa Mdhamini, na yeye ndiye wa kuandikiwa. Hotelini andika kwa Meneja Rasilimali Watu. Taasisi za Muungano zenye ofisi Zanzibar, pamoja na benki ambazo makao yake makuu yapo Bara, huenda zikahitaji idhini ya huko, kwa hiyo ziongezee mwezi mmoja.

Kosa la pili ni barua isiyosema kitu. Aya tatu fupi zinatosha: wewe ni nani na unataka nini, unaweza kufanya nini, na unaambatanisha nini. Mfano wa kiini chake:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu. Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo ya wiki 8, kuanzia tarehe 13 Julai hadi 4 Septemba 2026, katika kitengo cha malipo. Naweza kuoanisha taarifa za benki na daftari la fedha kwa kutumia Excel, na naweza kusaidia kupanga na kuorodhesha hati za malipo za mwaka wa fedha uliomalizika."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Julai kila kitengo cha malipo kina rundo la hati za mwaka uliopita zinazongoja mkaguzi, na mkuu wa kitengo akiisoma anaona msaidizi badala ya mzigo. Kila fani ina rundo lake la namna hiyo: mafaili yasiyoingizwa kwenye mfumo, dodoso ambazo hazijahesabiwa, sampuli zisizo na lebo, picha za matukio zisizo na maelezo. Litafute, kisha litaje.

Ambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, CV ya ukurasa mmoja, nakala ya kitambulisho chako cha Mzanzibari na nakala ya matokeo ya karibuni. Chapa barua nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na uondoke nayo, maana bila ya hiyo huna cha kuonesha barua ikipotea.

Kuhusu CV, mwanafunzi hana haja ya kurasa tatu. Weka majina kama yalivyo kwenye vyeti, namba ya simu inayopatikana, barua pepe yenye jina lako halisi, masomo, na kazi ulizowahi kufanya pamoja na matokeo yake. Aliyemsaidia mzee wake duka la Darajani kwa miaka miwili amehesabu mali, ameshika fedha na amehudumia wateja. Aliyefundisha twisheni darasa la wanafunzi 15 amepanga masomo na kusimamia watu. Andika. Usiandike "mchapakazi mwenye bidii," kwa kuwa kila mtu ameandika hivyo. Wadhamini wawe wawili, na waombe ruhusa kabla hujataja namba zao.

Kama kazi yako itakuwa ya kuhoji watu au kukusanya takwimu kwa ajili ya andiko lako la chuo, jibu la fildi halitoshi. Hapa Zanzibar utafiti unahitaji kibali chake, na utafiti wa afya hupitia pia kamati ya maadili. Mwalimu wako akuongoze mapema. Sheha atakuuliza kibali kabla hujagonga mlango wa kwanza katika shehia yake, na ana haki.

Kufuatilia bila ya kuchosha watu

Wiki mbili baada ya kupeleka barua, nenda masjala mwenyewe ukiwa na nakala yako yenye muhuri. Saa za kazi Serikalini ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Fika baina ya saa 3 na saa 5. Jumatatu asubuhi kuna vikao na Ijumaa siku hukatika mapema kwa sala, hivyo Jumanne hadi Alkhamisi ndizo siku nzuri. Vaa kama mfanyakazi wa ofisi hiyo. Toa salamu, subiri uitikiwe, kisha sema: "Bi, samahani, nimekuja kuulizia barua yangu ya tarehe fulani, namba yake hii hapa. Imefika kwa nani?" Ukiambiwa faili lipo kwa fulani, shukuru, andika jina la idara na urudi baada ya wiki. Mhudumu wa masjala ndiye anayejua faili lako liko wapi, na heshima unayompa leo utaihitaji tena.

Kuwa na ndugu au jirani ndani ya ofisi si aibu. Muombe akwambie kitengo gani kina uhaba wa watu na barua iandikwe kwa nani. Usimuombe akupitishe bila ya barua, kwa sababu mwanafunzi asiye na faili ndiye wa kwanza kuambiwa arudi kwao nafasi zikibana, na cheti cha kumaliza hakitoki kwa mtu asiyekuwepo kwenye kumbukumbu.

Usimlipe mtu binafsi ili upate fildi. Anayetaka fedha, au anayetaka faragha na wewe ili akusainie, usimjibu kwa ujumbe wala usiende peke yako. Hifadhi jumbe zake, mweleze mratibu wa fildi au dawati la jinsia la chuo, na ikibidi ipeleke taarifa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar. Kubadilishiwa sehemu ya fildi katikati kunawezekana, na mratibu mzuri atalifanya siku hiyohiyo.

Fedha

Sehemu nyingi hazilipi. Piga hesabu kabla ya kukubali: wiki 8 za siku 5 ni siku 40. Nauli na chakula vikikugharimu shilingi 4,000 kwa siku, jumla ni 160,000, na hapo hujachapa ripoti. Mwenye mkopo aulize Bodi ya Mikopo, ya Zanzibar au ya Muungano, kama fildi ya mwaka wake ina fedha na inatoka lini, kwani mara nyingi huingia fildi ikiwa imeshaanza. Weka akiba ya wiki mbili za mwanzo. Baadhi ya ofisi hutoa nauli au chakula cha mchana zikiulizwa. Uliza siku ya kupokea jibu, kwa upole, mara moja.

Ukishaingia

Siku ya kwanza muombe msimamizi wako dakika 15. Mwoneshe kitabu cha kumbukumbu za kila siku na fomu za chuo, mkubaliane mambo matatu: kazi ya kila siku utakayosaidia, kazi moja utakayoianza na kuimaliza wewe mwenyewe kabla ya wiki ya 8, na siku ya wiki ya kukagua kitabu chako. Hiyo kazi moja ndiyo moyo wa fildi nzima. Iwe ndogo kiasi cha kumalizika: orodha ya vifaa vya ofisi yenye namba na mahali vilipo, jedwali la Excel linalokokotoa posho bila ya makosa, mwongozo wa kurasa mbili wa kutumia mashine fulani, ramani ya visima vya shehia moja.

Ukipewa fotokopi na chai tu wiki ya kwanza, fanya vizuri na usinune. Wiki ya pili usilalamike kwamba huna kazi, bali taja kazi: "Bwana, nimeona hati za Mei hazijaorodheshwa. Naomba nizianze leo, uzikague saa 8." Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa kwa sababu halimgharimu msimamizi chochote. Ikifika wiki ya tatu bila ya mabadiliko, mpigie mratibu wa chuo, usingoje ukaguzi.

Kitabu cha kumbukumbu kijazwe kila siku kabla ya kutoka ofisini. Kujaza wiki nne kwa usiku mmoja hujulikana: wino mmoja, maneno yaleyale "nilisaidia kazi za ofisi." Andika kilichofanyika, idadi, chombo ulichotumia, na kilichokwama: "Nimeingiza hati 62 kwenye jedwali, 5 hazina saini ya mpokeaji, nimezitenga na kumkabidhi msimamizi." Maandishi hayo ndiyo yanayogeuka ripoti bila ya tabu.

Linda siri za ofisi. Picha ya faili, ya mgonjwa, ya skrini ya benki au ya mgeni wa hoteli haiwekwi WhatsApp, hata kwa kufurahia. Ofisi ni chache na zinajuana, na habari ya aliyevujisha hufika kabla ya barua yake ya kazi.

Kabla ya kuondoka, na baada yake

Wiki ya mwisho kusanya saini na mihuri yote siku ya Jumanne, usingoje Ijumaa, maana msimamizi anaweza kupata safari ya Pemba. Muombe barua ya kuthibitisha muda na kazi ulizofanya. Mpe rasimu ili asitoe barua ya jumla isiyokusaidia. Omba ruhusa ya kubaki na nakala ya kazi yako iliyoondolewa majina na tarakimu za siri. Muulize kama atakubali kuwa mdhamini wako. Baada ya hapo mjulie hali mara mbili kwa mwaka, Idi na ukimaliza mitihani, bila ya kuomba chochote.

Usiiache fildi moja iwe uzoefu wako wote. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, na tamasha la filamu la ZIFF nalo hupokea vijana wa kujitolea katika mapokezi, tiketi, mawasiliano na ufundi. Jumuiya kama TAMWA Zanzibar, chama cha wanahabari wanawake, na zile za mazingira za Pemba, zina kazi za mafunzo na ukusanyaji wa habari. Muhula mmoja wa Jumamosi za kujitolea unaweza kukupa mdhamini wa pili na kazi nyingine ya kuonesha.

Kujitolea baada ya kuhitimu ni jambo jingine, na hapa tuna msimamo: kubali kwa muda ulioandikwa tu. Miezi mitatu, kazi zikiwa zimetajwa, nauli ikiwa imetajwa. Muda ukiisha, kaeni tena. Mhitimu aliyejitolea miaka miwili bila ya karatasi hana anachodai na hana muda wa kutafuta kwengine.

Nafasi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huombwa kwa mfumo wa Zan Ajira. Jisajili mapema, uwe na nakala safi za vyeti, na angalia majina herufi kwa herufi. Mohamed, Mohammed na Muhammed ni watu watatu mbele ya mfumo. Khamis na Hamis vilevile, na jina la babu lililopo kwenye cheti cha kuzaliwa lakini halipo kwenye cheti cha kidato cha nne huleta tabu hiyohiyo. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, vyeti vya skuli na kadi ya chuo, uvisome kimoja kimoja. Ukikuta tofauti, anza kurekebisha ukiwa mwaka wa pili, kwa wakala wa usajili au kwa hati ya kiapo kwa mwanasheria, kwa sababu tangazo la kazi likitoka muda wa kuomba hauwezi kukungojea mpaka marekebisho yakamilike.